Matroni ametupa wiki tatu, mimi na paka wangu

BARUA

Shikamoo Anti,

Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mbeya, nina miaka 22, kwetu ni Makete. Naomba chuo usikitaje, maana jambo lenyewe bado bichi na hosteli yetu ina masikio.

Mama alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, wiki mbili kabla ya mitihani. Nilizika, nikarudi, nikafanya mitihani yote bila supu (mtihani wa marudio) hata moja. Watu wakasema nina moyo mgumu. Shida ilianza mwezi wa saba nikiwa likizo, ikanifuata mpaka chuo. Usiku, kati ya saa nane na saa tisa, nashtuka usingizini moyo unakwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, pumzi haitoshi, na ninakuwa na uhakika kabisa kwamba nakufa. Zahanati walinipima malaria, wakapima na taifodi, wakanipa dawa za vidonda vya tumbo. Nilimeza zote. Mwishowe daktari mmoja akaniandikia niende kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Nilikwenda mara moja. Daktari wa pale alinisikiliza vizuri, akasema ni hofu ya ghafla inayotokana na msiba, akanipa tarehe ya kurudi. Sikurudi. Siku ile pale kwenye benchi nilikutana na mtu wa kwetu, na Anti unajua ukionekana kwenye benchi lile inakuwaje: kesho yake kijiji kizima kinajua umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mwezi wa kumi na moja nikamwokota Usipa. Alikuwa kitoto cha paka nyuma ya jiko la kantini, anaenea kwenye viganja viwili, kijivu, miguu ya mbele myeupe. Nilikuwa nimetoka Mwanjelwa kununua usipa, wale dagaa, nikampa, akala mpaka akasinzia pembeni ya sahani. Jina likatoka hapo. Tangu usiku ule analala kifuani kwangu. Nikishtuka namkuta anakoroma, naweka mkono mgongoni kwake, nahesabu pumzi zake, na hofu inapita. Zamani nilikuwa nashtuka usiku nne au tano kwa wiki. Siku hizi labda mmoja.

Chumbani tupo wanne, vitanda vya ghorofa. Nitawaita A, B na D. A anampenda Usipa kuliko hata mimi, ndiye tunayekwenda naye kwa mafundi seremala kuomba maranda ya choo chake. B hampendi, anasema kwao paka anayemtazama mtu aliyelala ana lake jambo, kwa hiyo analala amejifunika gubigubi. D, ambaye kitanda chake kipo juu ya changu, ana pumu, lakini ni mpole sana na hajawahi kulalamika. Tangu mwezi wa kwanza namsikia akivuta pampu yake usiku mara kwa mara, nadhani ni unyevu wa hizi mvua.

Wiki iliyopita Usipa alilia usiku tatu mfululizo, kilio cha ajabu kama cha mtoto, akawa anajiviringisha sakafuni. Nilidhani ana tumbo. Usiku wa tatu matroni akagonga mlango. Si mtu mbaya, hakupiga kelele. Alinionyesha tu kanuni za hosteli nilizosaini mwaka wa kwanza bila kusoma: mnyama wa aina yoyote haruhusiwi. Amenipa wiki tatu, paka atoke au tutoke wote wawili.

Rafiki yangu anasema Marekani mwanafunzi anaruhusiwa kwa sheria kukaa na mnyama wa faraja, na kwamba mtandaoni wanauza cheti kwa dola 60, nikionyesha hicho hawawezi kunigusa. Nimeona pia chumba Ilomba, shilingi 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, bumu (pesa ya mkopo wa chuo) likitoka naweza kujibana. Mama mdogo yupo Tukuyu, amesema nimpeleke Usipa kwake. Lakini nikiwaza tu kumpeleka, vidole vinaanza kufa ganzi mchana kweupe. Hata majadiliano ya jioni nimeanza kuyakosa, sitaki kumwacha peke yake na B.

Anti, mama nimeshampoteza. Na huyu naye nimwachie?

Mwenye Usipa, Mbeya

N.B. Usipa anakula dagaa na ugali tu. Inamtosha?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Kuzika, ukarudi na kuingia chumba cha mtihani ndani ya wiki mbili si moyo mgumu. Kilio kiliahirishwa kwa sababu ratiba haikukupa nafasi, na sasa kinakuamsha saa nane za usiku ukiwa umelala, usipoweza kukizuia.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kuna maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni kitu gani kitakushika usiku moyo ukianza kwenda mbio. La pili ni Usipa alale wapi. Umeyafunga pamoja kwa sababu kwa sasa jibu lako ni moja kwa yote mawili: kifuani kwangu. Naomba tuyafungue, maana la pili lina wiki tatu na la kwanza litachukua muda mrefu kidogo.

Lakini nianze na kilio, kwa sababu ndicho kilichomleta matroni. Kwa namna ulivyokieleza, Usipa haumwi tumbo. Hukusema, lakini bila shaka ni jike, ana miezi sita au saba, analia usiku, anajiviringisha: huyo yupo kwenye joto, anaita dume. Paka jike huweza kuanza akiwa na miezi minne tu. Joto hukaa karibu wiki moja, likipita hurudi tena baada ya wiki mbili au tatu, na litaendelea kurudi mpaka apate mimba au afungwe uzazi. Akiponyoka mlangoni usiku mmoja tu, siku 63 hadi 65 baadaye unaweza kuwa na paka watano chumbani badala ya mmoja. Kwa hiyo popote atakapoishi, iwe hosteli, Ilomba au Tukuyu, huyu anahitaji daktari wa mifugo amtoe kizazi. Ulizia ofisi ya mifugo ya jiji wakuelekeze kwa daktari anayefanya upasuaji wa paka, maana wengi wamezoea ng'ombe. Madaktari wengi hupendelea kusubiri joto lipite kwanza, kwa sababu wakati wa joto mishipa ya kizazi inajaa damu. Baada ya hapo ni siku 10 hadi 14 za kumzuia asilambe mshono wala asiruke kwenye vitanda vya ghorofa. Hiyo ya kuruka ndiyo ngumu.

Sasa D. Hapa nakuomba ukae kitako.

Umeandika kwamba hajawahi kulalamika, na katika sentensi inayofuata ukaandika kwamba tangu mwezi wa kwanza unamsikia akivuta pampu usiku. Usipa aliingia mwezi wa kumi na moja. Huenda kweli ni unyevu. Ukungu wa kuta za hosteli wakati wa masika unajulikana. Lakini kinachowasumbua watu wenye pumu kwa paka si manyoya kama wengi wanavyodhani. Ni protini inayotoka kwenye mate yake na kwenye tezi za ngozi yake. Paka anajilamba, mate yanakauka, yanageuka vumbi laini kuliko unga wa sembe, linaelea hewani saa nyingi na kuganda kwenye blanketi, kwenye pazia, kwenye sweta lako unalokwenda nalo darasani. Ndiyo maana kumpeleka Usipa kwa jirani siku mbili ili kumjaribu D hakutakupa jibu: vumbi hilo hubaki chumbani wiki nyingi, hata miezi. Na wewe unalala chini ya D, na Usipa kifuani kwako.

Mtu anayeamshwa na pumu usiku, au anayehitaji pampu ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa na anapaswa kurudi hospitali, paka awepo asiwepo. Mwambie hilo kwanza, kama rumeti, kabla hujataja paka. Kisha mwulize mkiwa wawili tu. Usimwulize mbele ya A ambaye anampenda Usipa, wala mbele ya B. Mtu mpole akiulizwa mbele ya watu atasema hakuna shida. Je, wenzako walikubali, au walinyamaza? Mimi kwa mbali siwezi kujua, lakini ombi lolote utakalopeleka ofisini litasimama au kuanguka juu ya jibu hilo.

B naye usimfanyie mzaha. Hata kama wewe huamini anayoyaamini, usingizi anaoukosa chini ya ule mfuniko wa gubigubi ni usingizi wa kweli.

Kuhusu Marekani, rafiki yako amesikia kitu cha kweli akakikata katikati. Kule kuna Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968, na mwaka 1988 iliongezewa ulinzi wa watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye maradhi ya akili. Chuo Kikuu cha Nebraska huko Kearney kilishtakiwa na serikali baada ya kumkatalia mwanafunzi mwenye wasiwasi kukaa na kijibwa chake katika nyumba za chuo. Mwaka 2013 jaji akaamua kwamba nyumba za wanafunzi nazo zinaguswa na sheria hiyo, na mwaka 2015 chuo kikakubali kulipa dola 140,000 kwa wanafunzi wawili. Hiyo ndiyo sehemu inayosambaa. Sehemu isiyosambaa ni kwamba hata kule mnyama anayehatarisha wengine anaweza kukataliwa, mwenye mnyama ndiye anayelipia uharibifu, na mwaka 2020 wizara yao ya makazi ilitoa mwongozo kwamba cheti kinachouzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye pesa hakitoshi kuwa ushahidi. Kwa hiyo hicho cha dola 60 hata kwao kinatiliwa shaka. Kikifika Mbeya ni karatasi ya rangi. Mbaya zaidi, matroni akiona umeanza na karatasi ya kununua, barua yako ya kweli kutoka hospitali nayo ataitazama kwa jicho hilo hilo.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na zina uzito wake. Ila hazikuandikwa zikimfikiria paka wa bwenini, usiingie ofisini ukizishika kama fimbo. Unachokwenda kuomba ni chuo kikulegezee kanuni uliyoisaini. Ombi la namna hiyo huenda kwa unyenyekevu na maandalizi.

Ukiamua kuomba, usingoje wiki ya tatu. Mtangulie matroni: mwambie unaandika kwa Mshauri wa Wanafunzi kupitia kwake, ili asisikie habari zake kutoka juu. Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Usianze na paka, anza na wewe: una tatizo gani, lilianza lini, unatibiwa wapi, usiku ulikuwaje na sasa upo vipi. Ambatanisha barua ya daktari yenye tarehe, sahihi na mhuri, inayosema upo chini ya matibabu, hali hiyo inakuzuia nini, na anapendekeza nini. Daktari hatakuandikia kuhusu paka kwa sababu umemwomba tu. Ataandika anachokiamini, na mgonjwa aliyeonekana mara moja akapotea ni vigumu kumwandikia chochote. Unaona basi tarehe uliyoikwepa inavyorudi. Na huna lazima ya kumweleza kila mtu ofisini maradhi yako. Barua ya daktari unaweza kuiweka kwenye bahasha iliyofungwa, kwa Mshauri wa Wanafunzi peke yake.

Kisha pendekeza masharti wewe mwenyewe kabla hawajakuwekea: uhamishiwe chumba ambacho wote wameridhia kwa maandishi na hakuna mwenye pumu wala mjamzito, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, ahadi ya kulipia kitakachoharibika, na muda wa majaribio wa semista moja. Andika pia nani atamchukua likizo, na wiki zile nane ukiwa fildi, kwenye mafunzo ya vitendo. Hilo la fildi naona hukuligusa kabisa, na mwaka wako ndiyo huu. Chuo hakitakuuliza kwa upole, kitauliza ili kikukatalie.

Waeleze na choo, maana harufu ndiyo inayowaudhi majirani kabla ya mnyama mwenyewe. Beseni lenye urefu wa sentimita 40 hivi, maranda makavu yenye kina cha sentimita 5 hadi 7. Maranda ya msonobari yanafyonza vizuri na huzuia harufu; pumba za mpunga ni rahisi kupata lakini hazifyonzi, na vumbi lake ni adui mwingine wa D. Kinyesi kiondolewe kila siku, asubuhi na jioni. Sababu si usafi tu: kimelea kinachoitwa toksoplasma hutoka kwenye kinyesi cha paka kikiwa hakijakomaa, kinahitaji siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza, kwa hiyo anayeondoa kila siku anakiwahi. Kwa mjamzito kimelea hicho ni hatari kwa mtoto tumboni. Maranda yote badilisha mara mbili kwa wiki, beseni uoshe kwa maji ya moto na sabuni. Usimwage Jik juu ya mkojo wa paka, mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma kifua. Dettol nayo ni sumu kwa paka. Anakanyaga, kisha analamba miguu.

Hatari ya njia hii unaiona: wanaweza kukataa, na sababu yao haitakuwa ukatili. Leo paka, kesho mwingine ataleta kuku wa kutaga akisema anamliwaza. Wakikataa, waombe angalau muda mpaka mshono wa Usipa upone.

Ilomba. Piga hesabu yote, si kodi tu. Miezi sita kwa 50,000 ni 300,000 kabla hujanunua godoro, gesi na kufuli, na kuna nauli ya kila siku. Mwenye nyumba naye ni matroni mwingine: akubali paka kwa maandishi kabla hujatoa hela, vinginevyo utahama mara mbili. Kuna na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Wanafunzi wengi wa geto, yaani vyumba vya kupanga, hulala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa; hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, inaua watu usingizini. Lakini linalonisumbua zaidi ni jingine. Hosteli ukishtuka saa nane kuna watu watatu wanapumua karibu nawe. Geto utakuwa na Usipa tu. Kwa baadhi ya watu utulivu huo ni dawa. Kwa wengine, hasa wenye msiba ambao haujalilika, upweke huongeza hofu. Wewe ni yupi? Ungeweza kumwuliza A kama angependa mpange wote. Kodi ingegawanyika, na Usipa angekuwa na mtu wakati wa majadiliano.

Tukuyu ni kilomita 70 hivi, si Makete. Kwenda na kurudi Jumamosi kunawezekana. Ukimpeleka, mtie kwenye tenga lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, na kanga yako uliyolalia ndani yake. Usimlishe kwa muda wa saa nne hadi tano kabla ya safari, maana barabara ile ina kona na paka hutapika. Mama mdogo amfungie ndani wiki mbili hadi tatu kabla ya kumwachia nje. Paka akiachiwa siku ya kwanza huondoka kutafuta alikotoka, na hapo ndipo wengi hupotea. Amuulize na jirani kama anatega sumu ya panya: paka akila panya aliyekula sumu, sumu inampata na yeye. Njia hii ndiyo nyepesi kwa Usipa na kwa matroni. Kwako wewe ndiyo nzito, na uzito huo sitaki kuupunguza kwa maneno.

Kumficha tena nimekuachia nafasi ndogo makusudi. Ukikamatwa mara ya pili, kitanda kitapotea katikati ya semista, na A, B na D huenda wakaadhibiwa pamoja nawe.

Turudi kwenye swali la kwanza. Usipa amekusaidia, hilo halina ubishi: kutoka usiku nne au tano hadi mmoja. Lakini tazama ni nini hasa anachofanya. Anakupa uzito na joto kifuani, anakupa sauti ya kufuata, anakupa pumzi ya kuhesabu. Ukihesabu pumzi zake, zako zinapungua kasi. Hofu ya namna hiyo huvimba ikafika kileleni kwa kama dakika 10, kisha hushuka yenyewe, mtu afanye lolote au asifanye. Yaani kazi kubwa ulikuwa unaifanya wewe, Usipa akikushika mkono. Jaribu usiku mmoja, Usipa akiwa bado yupo, kumweka miguuni badala ya kifuani. Weka mkono wako tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, na ujiambie kwa sauti: ni hofu, inapita. Usijipe mtihani wa kufaulu au kufeli. Jaribu tu uone.

Kuna jambo jingine nimeliona kwa wasiwasi kidogo. Vidole vyako sasa vinakufa ganzi mchana ukiwaza kumkosa, na majadiliano ya jioni unayakosa kwa ajili yake. Mwanzoni Usipa alikuwa anaituliza hofu. Inawezekana sasa hofu imeanza kumzunguka yeye, kwa sababu ni kitu hai na vitu hai umejifunza kwamba vinaondoka. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema mpelekee daktari yule swali hili, maana alikusikiliza vizuri, wewe mwenyewe umeandika. Benchi ukiliogopa, piga simu au mtume mtu aulize ni siku gani kliniki haina msongamano, nenda na A, jifunike mtandio kama unapenda. Na yule mtu wa kwenu uliyemkuta pale, umewahi kujiuliza yeye alikuwa anafanya nini kwenye benchi lile?

Wakati unaamua, angalia na mikono ya watu. Usipa akimng'ata au kumkwaruza yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo wakaamue kuhusu chanjo. Na viroboto usivitibu kwa dawa ya mbwa au ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, ambazo mbwa huzivumilia lakini paka humuua. Panadol pia usimpe, hata robo.

Mwisho ulichoniuliza pembeni. Ugali unamjaza tumbo tu, haumjengi. Paka ni mla nyama. Anahitaji taurini, ambayo mwili wake hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na akiikosa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa wanayo kiasi, lakini wasiwe wa chumvi, waloweke na kuwachemsha kwanza, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Mara mbili au tatu kwa wiki mchanganyie moyo wa ng'ombe au firigisi za kuku zilizochemshwa, bila kitunguu wala chumvi. Paka wa kilo tatu hadi nne hutosheka na kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, ambayo kwa dagaa wakavu ni gramu 60 hadi 70, zigawe asubuhi na jioni. Maziwa mengi huwaharisha wakubwa. Maji safi yawepo muda wote, hasa kwa anayekula dagaa wakavu, na yakae mbali na choo chake. Paka wengi hawapendi kunywa karibu na choo.